Mwano Alioupiga Holo

Dhamana ya polisi ni bure. Nianze na hilo, maana najua ndilo lililowaleta nusu yenu hapa, na sipendi mtu anisikilize huku akili yake iko lokapu kwa ndugu yake. PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, nayo ni bure. Na mtu wenu akipotea, hamlazimiki kusubiri siku nzima ipite ndipo mje kuripoti. Sijui nani aliwadanganya hilo, ila nikimjua nitamweka ndani mimi mwenyewe, kustaafu kwangu kusimsaidie.

Haya, sasa tunaweza kuzungumza.

Tangu nistaafu na kuhamia hapa Bariadi, kaunta imenifuata nyumbani. Nachambua mchicha, mtu huyo kwenye kizingiti: "Mama Afande, nina kaswali kadogo." Miaka yote niliyokaa kaunta sijawahi kuona kaswali kadogo. Kanaanza kadogo, kanaisha na difenda ya polisi kuwashwa. Lakini ninyi vijana kituoni mnaona aibu kwenda, kwangu mnakuja na kishada cha ndizi kama mnaotazama mgonjwa. Ndizi nazipokea. Nisikilizeni basi, msichati.

Aliyenifundisha kazi ni Koplo Maduhu, mtu wa Mwamanyili, mnene, mpole, mwenye mwendo wa fahali aliyeshiba. Mimi nilikuwa nimetoka depo ya mafunzo juzi tu, magwanda yamekakamaa kwa wanga, nikajiona najua sheria zote. Akaniambia mtu akija kaunta, swali lake la kwanza ni la kupigia hodi tu. Lijibu kwa heshima, halafu nyamaza, ujishughulishe na kitu kingine. La pili ndilo alilojia.

Nilimcheka moyoni. Wiki hiyo hiyo akaja mzee mmoja wa kijijini, amevua kofia, akauliza kama baiskeli isiyo na kengele ni kosa. Mimi nilitaka kumwambia atuondolee usumbufu. Koplo Maduhu akamjibu kwa utaratibu kabisa, kisha akavua miwani akaanza kuifuta. Akaifuta, akaifuta. Mzee yule kasimama. Baadaye akauliza, je, kengele ikiwa imeng'olewa na mtu mwingine? Koplo akasema hilo nalo linazungumzika, akaendelea na miwani yake. Mpaka miwani inarudi usoni, tulikuwa tumeshajua kwamba kengele iling'olewa na mkwe wake, kwamba mkwe huyo alikuwa analewa, na kwamba binti wa mzee alikuwa amelala ndani hawezi kusimama kwa kipigo. Tungemfukuza kwenye kengele, yule binti angefia pale pale.

Jambo la pili alilonifundisha ni habari ya "mtu fulani". Hakuna anayekuja kituoni kuulizia jambo lake mwenyewe. Wote wanamuulizia jirani. Nilishawahi kupokea baba mmoja ananieleza jirani yake kakatwa panga mkononi, anataka kujua hatua za kufuata, na damu inamchuruzika yeye juu ya kaunta yangu. Nikamwambia basi jirani akae kwenye benchi hapo, tumtafutie kitambaa.

Na swali linaloulizwa kuliko yote Simiyu nzima ni hili la kufuta kesi. Jumatatu mtu anakuja analia, anataka mwenzake afungwe maisha. Alhamisi wanakuja wote wawili wameshikana mikono, wametoka kula pamoja: afande, tumeyamaliza nyumbani, futa. Kama kesi ni chaki ubaoni! Elewa kijana, ukisharipoti jinai, jambo si lako peke yako tena. Yapo yanayopatanishwa, na yapo ambayo hata mkibusiana hapo kaunta yatakwenda mahakamani. Lakini liko swali moja linalofanana na hilo ambalo si hilo, na niliulizwa mara moja tu. Ndilo nililokusudia kuwasimulia, hayo mengine nimeyapitia njiani.

Wakati huo nilikuwa kituo kidogo upande wa Lalago. Mvua za kwanza za kulimia zilikuwa zimeanza, watu wanatafuta maksai wa kukokota plau, mbuga imelainika, tope linameza gurudumu. Asubuhi, ndiyo kwanza nimefika zamu, ikaja bodaboda na mwanamke. Alipomwambia dereva asizime pikipiki, nikainua macho. Anayekuja polisi kwa kawaida humwachia bodaboda aende zake, maana hajui atatoka saa ngapi. Huyu alikuwa na tope mpaka magotini na khanga ameivaa kinyume, ya ndani nje.

Akanisalimu kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, yaani umeamkaje mama, nami nikaitikia. Mnajua salamu zetu hazina haraka. Tukauliziana nyumbani, watoto, mvua. Nikamuuliza ng'ombe. Akaruka, akarudi kwenye mvua. Jamani, Msukuma wa kijijini aruke salamu ya ng'ombe? Nikajua hapa pana jambo.

Aliitwa Holo, mke wa mtu anayeitwa Shija, kutoka kijiji kimoja cha jirani ambacho sitakitaja. Akauliza kituo kinafungwa saa ngapi. Nikamwambia hakifungwi. Nikashika kitambaa nikaanza kufuta kaunta, mahali penyewe pasafi. Ndipo akaja na la pili.

"Mayu, kuna mtu. Ametoa taarifa ya wizi, si hapa kwenu, kwa watu. Halafu amegundua hakuna wizi. Huyo mtu akisema alikosea, anafungwa?"

"Alipokuwa anasema, alijua ni uongo?"

"Hakujua."

"Hafungwi."

Nilidhani atashusha pumzi. Hakushusha. Akaangalia nje kwenye pikipiki, akauliza kama huyo mtu akinyamaza itakuwaje. Nikamuuliza mimi, akinyamaza kutatokea nini.

"Kuna kijana atauawa."

"Lini?"

"Sasa hivi, mayu. Wanamkimbiza. Mwano nimepiga mimi."

Ninyi mliokulia mjini huenda hamjawahi kuusikia mwano. Mtu akiibiwa ng'ombe anatoka nje anapiga yowe lenye namna yake, huwezi kulichanganya na kilio cha msiba wala cha moto. Boma la jirani likisikia linalipokea na kulipeleka mbele, na la mbele yake vivyo hivyo, mpaka kijiji cha pili, cha tatu. Kila mwanaume mwenye miguu anachukua fimbo anakimbia. Usipotoka, sungusungu, walinzi wa kijiji, watakuuliza ulikuwa wapi. Siku hizi wanaongeza na simu, lakini sauti bado inaitangulia simu, nimeshuhudia. Kwa kufuata wezi sijaona kitu kinachofanya kazi kama hicho. Shida yake ni moja: uko mwano wa kuita watu, hakuna mwano wa kuwarudisha.

Holo akaeleza kwa maneno machache, amesimama. Alfajiri alitoka kukamua, akakuta zizi liko wazi na maksai wanne hawapo. Mumewe alikuwa ameaga kwamba anakwenda mnadani. Akapiga mwano, kama ambavyo angefanya mwanamke yeyote. Wanaume wakaja wakashika nyayo kwenye tope, wakaondoka mbio. Baada ya muda kidogo Shija akarudi anahema, naye kausikia huko njiani. Akamvuta mkewe nyuma ya jiko akamwambia kwa kunong'ona: wale maksai si wetu.

Hapa lazima niwafafanulie. Mtu wa kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwake. Anawagawa, hawa kwa rafiki huyu, wale kwa yule, ili ugonjwa au wezi wasimmalize mara moja, na ili majirani wasijue ana kiasi gani. Anayewatunza anakunywa maziwa na kulimia, na hasemi ni wa nani. Ni siri ya wanaume wawili. Lakini Shija aliitunza siri hiyo mpaka ikamlewesha. Alijifanya wote ni wake. Kwenye mikutano alikaa mbele. Hata mkewe, aliyekuwa akikamua zizini humo kila siku, hakuwahi kuambiwa. Mwenye maksai, mzee Jilala wa Sola, alipowataka kwa ajili ya kulima, akamtuma mwanawe aitwaye Malimi awachukue alfajiri na apite njia za ndani, wasionekane. Shija akamfungulia zizi kwa mkono wake, kisha akajiondokea ili mkewe asimuulize. Alipanga kuja kusema amewauza.

Nikamuuliza Holo, sasa mumeo yuko wapi, si akawaambie watu? Alisema Shija alimkataza asifungue kinywa, maana mwano wa bure una faini kwa sungusungu na aibu isiyoisha. Halafu akachukua rungu akakimbia. Mwanzo Holo alifikiri anawakimbilia awazuie. Akamsikia njiani anapiga kelele za mwizi pamoja na wenzake. Ndipo alipotafuta bodaboda.

Niliogopa, siwafichi. Nilimpigia mkuu wa kituo, alikuwa Maswa na difenda, akasema anakuja, lakini kwa tope lile sote wawili tulijua hafiki mapema. Nikampigia kamanda wa sungusungu, namba yake ninayo. Ikaita mpaka ikakata. Mtu anayekimbia porini hasikii simu. Nikamwacha askari mmoja kaunta, konstebo mwingine akachukua silaha na kupanda pikipiki ya pili, mimi na Holo tukapanda ile iliyomleta. Ndiyo, mshikaki, watu watatu kwenye pikipiki moja. Askari wa barabarani aliye hapa asinikunjie sura, siku hiyo angekuwepo ningempakia wa nne.

Nilimwonya konstebo asije akapiga risasi hewani. Hili nawaambia ninyi mnaotaka kujiunga na jeshi: kundi lililokwisha kumshika mtu, ukilitisha, linamaliza kazi haraka kabla hujafika. Halafu watu wale wana maneno yao juu yetu, kwamba polisi kazi yetu kuachia wezi. Ningesimama pale na magwanda yangu nikatangaza ng'ombe hawajaibiwa, wangeona nimekula pamoja na mwizi. Aliyeweza kuusimamisha mwano ule ni aliyeupiga, basi.

Hatukuhitaji kuuliza njia. Tuliufuata kwa masikio. Kila boma tulilopita wanawake wamesimama nje wanapokezana, wanatuonyesha kwa mkono, upesi, wameelekea huku. Wengine walimtambua Holo wakampa pole ya kuibiwa. Alikuwa amekaa nyuma yangu. Akaniinamia sikioni akasema hawezi kusema neno hilo mbele ya watu, Shija atamfukuza, na kwao hawatampokea mwanamke aliyemvua mumewe nguo hadharani.

Sikumfariji. Nilimwambia huenda ni kweli atafukuzwa. Kwamba polisi hatuna uwezo wa kulinda ndoa, na sitamwahidi kitu nisichonacho. Nikamwambia pia kwamba yule kijana ana mama yake, na kwa sasa hakuna anayeweza kumsaidia isipokuwa yeye. Nikawaza akishuka hapa nitafanya nini.

Tulikuwa tunavuka mbuga, pikipiki inakwenda upande upande, mara mwano ukakatika. Mbele kimya. Nyuma yetu wanawake wa boma la mwisho nao wakanyamaza.

Dereva alikuwa kijana wa huko huko. Alisema kwa sauti ndogo, "Wamempata." Holo akanishika kiuno kwa nguvu mpaka ikaniuma. Nikamwambia dereva aongeze mwendo, akaongeza, tukaanguka, tukainuka, tukapanda tena hatukujifuta hata tope.

Tuliwakuta kwenye korongo. Sijui walikuwa wangapi, kila upande ni watu, fimbo, mikuki, majembe. Maksai wanne wamesimama pembeni wanakula majani. Katikati kijana amekalishwa chini, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya ng'ombe, uso umevimba huwezi kujua alivyo, mkono mmoja umepinda pasipotakiwa kupinda. Alikuwa hai. Wazee wachache walikuwa wanashauri apelekwe kituoni. Vijana walikuwa wamechoka kusikiliza wazee, na mmoja alishaokota jiwe la mikono miwili.

Baadaye nilikuja kujua yaliyotangulia. Malimi aliwaambia ng'ombe ni wa baba yake, walikuwa kwa Shija. Wakamgeukia Shija, yupo pale pale na rungu lake, wakamuuliza kama anamfahamu huyu. Akasema hajawahi kumwona. Ndipo walipomvunja mkono, kwa wizi na kwa uongo.

Sasa sikilizeni jinsi ya kuingia mahali kama hapo. Usimwendee aliyefungwa. Ukimgusa tu, unagombaniwa naye kama mpira. Nilimwendea kamanda wa sungusungu, mtu mrefu mwenye filimbi shingoni, nikamsalimu kwa heshima yake yote, nikamshukuru kwa kuitika. Nikamkumbusha kwamba raia anaruhusiwa kumkamata mwizi, na akishamkamata anatukabidhi bila kuchelewa, na mimi nimefika kupokea. Akacheka. Akasema wakinikabidhi asubuhi, jioni kijana atakuwa anakunywa chai kwao. Watu wakacheka pia, kicheko ambacho sikukipenda. Kisha akaacha kucheka akaniuliza nani ameniita, maana wao hawajaita polisi.

Jibu halikuwa langu. Nyuma yangu sikusikia kitu, nikajisemea mwanamke amekimbia. Yule mwenye jiwe akasogea hatua mbele.

Holo akapita ubavuni kwangu, akasimama katikati yao na yule kijana.

"Mwano ni wangu," alisema. "Nimepiga mimi, mmeitika, nashukuru. Hawa ng'ombe si wetu. Waliwekwa kwetu, na mwenyewe amewachukua. Nilikuwa sijui. Sasa najua, mwacheni."

Kukawa na minong'ono. Kamanda akamuuliza nani kamwambia hayo. Mwanamke wa kwetu hatamki jina la mumewe mbele za watu, na hakulitamka, alimtaja kwa jina la mtoto wao.

"Baba yake Limi. Yule pale mwenye kofia. Ameniambia nyuma ya jiko, asubuhi hii."

Vichwa vyote vikageuka. Shija alikuwa safu ya pili. Aliyekuwa mbele yake akasogea pembeni bila kuambiwa, akabaki wazi na rungu lake mkononi. Kijana aliyefungwa akainua ule uso. Kamanda hakupaza sauti, alimuuliza tu, "Shija, ng'ombe ni wa nani?"

Shija akaangalia mkewe. Nimeona macho ya watu wengi waliokamatwa, lakini yale sijayasahau, yalikuwa yanamwomba aseme alikuwa anatania. Holo hakuangalia pembeni. Mwishowe Shija akasema ni wa Jilala wa Sola, kwa sauti ya chini sana, wa karibu wakasikia wakawaambia wa nyuma, wa nyuma wakawaambia walioko juu ya korongo, ni wa Jilala, ni wa Jilala, mpaka likafika mwisho wa watu. Yule mwenye jiwe akalitua chini kwa uangalifu, kama yai.

Holo alikuwa ameshapiga magoti anafungua kamba kwa meno, maana fundo lilikuwa limelowa. Alipofungua akamuuliza kijana jina lake. Akasema anaitwa Malimi. Nilimwona kamanda ameinamisha kichwa. Toka asubuhi watu wote wale, hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Tulimpeleka hospitali kwanza, PF3 ikafuata nyuma. Kwa majeruhi wa hali ile anatibiwa, karatasi inakuja baadaye, msikubali kusimamishwa getini. Waliomvunja mkono tuliwakamata. Kuna mmoja alinililia kwamba yeye alikuwepo tu, hakumpiga mtu. Na ninyi mniulize hilo, maana mtaliuliza: nikiwa kwenye kundi na sijanyanyua fimbo, nina kosa? Kijana, ukifika ukakuta mtu amefungwa anapigwa, huna sababu ya kuwepo isipokuwa kumtetea au kutuita. Kinyume cha hapo utajieleza mbele ya hakimu, na mimi sitakuwepo kukusaidia kujieleza.

Shija naye alichukuliwa maelezo na kufunguliwa jalada. Alipopata dhamana, ya bure kama nilivyosema, kesho yake alikuja kaunta amechomekea shati. Akaniuliza kama kesi inaweza kufutwa, kwa kuwa ni jambo la kifamilia. Ala! Nilimtazama mpaka akaondoka mwenyewe.

Sungusungu walimtoza fahali mmoja kwa mwano wa bure. Walipokwenda kumchukua fahali huyo walikuta ghasia zizini. Habari ilikuwa imesambaa, na kila aliyeweka ng'ombe kwa Shija alikuwa amekuja kuchukua wake. Huyu anatoa wawili, yule mmoja na ndama. Walipomaliza, kati ya kundi lote lile lililomkalisha mbele mikutanoni, Shija hakuwa na hata kwato. Alibaki mtamba mmoja, na huyo alikuwa wa Holo, kapewa na baba yake. Kamanda akamtazama yule mtamba, akasema faini si ya mwanamke, wakaondoka mikono mitupu. Kesi ilipokwisha Shija alikwenda upande wa Katavi, sijasikia kama amerudi. Holo alibaki na watoto na mtamba wake. Majirani wengine hawakumsalimu kwa muda mrefu. Kusema kweli kulimgharimu, nisiwadanganye kwamba walimpigia makofi.

Mzee Jilala alinijia kituoni mwanawe alipotoka hospitali. Niliona amekuja kushtaki zaidi, nikajiandaa. Alikaa kwenye benchi, tukasalimiana mpaka mwisho, na ng'ombe tukawataja. Kisha akauliza kama kuna sheria inayomkataza mtu kuweka ng'ombe kwa mwanamke, kwa jina la mwanamke mwenyewe, na mwenyekiti wa kijiji akiwepo. Nikamwambia hakuna. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia ninayo. Nikajua anamkusudia Holo, nikamuuliza kwa nini kwa huyu, aliyempigia mwanawe mwano. Akasema ng'ombe wake amewahi kuwaweka kwa wanaume wengi, na hajui ni yupi kati yao angesema mbele ya fimbo zile kwamba si wake.

Kulima kulipokwisha mzee aliwapeleka wale maksai kwa Holo. Waliofuatana nao walinihadithia. Malimi ndiye aliyewaswaga, mkono ukiwa bado umefungwa shingoni. Baba yake alimwambia apite njia kuu, mchana, polepole. Na kila aliyekutana naye njiani, awe anafahamiana naye au la, Malimi alimsimamisha akamweleza hawa ng'ombe ni wa nani na wanakwenda kwa nani, hata asiyemuuliza.